Hita ya trela iliyogoma kuwaka usiku wa baridi kali: kisa cha Williston

Simu iliingia saa nne usiku, Jumatatu, katikati ya Januari. Nilikuwa nyumbani Minot. Aliyepiga ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, ambaye anaendesha lori la maji kwenye visima vya mafuta upande wa Williston, humu humu North Dakota. Msimu wa kazi analala kambini ndani ya trela ya kuishi, ile ambayo Wamarekani huiita kempa: mita 8 hivi, jiko, choo, kitanda, na hita inayotumia gesi ya mtungi pamoja na umeme wa volti 12.

"Shem, hii hita inapuliza tu. Inapuliza hewa ya baridi, moto hauji."

Nje kwake kulikuwa na nyuzi 27 chini ya sifuri. Mchana hita ilikuwa imewaka vizuri. Usiku wa Jumapili pia iligoma, akadhani ni bahati mbaya, akalala na makoti mawili. Sasa alikuwa ameshaagiza bodi mpya ya hita, kile kibao cha umeme kinachoiongoza, kwa njia ya mtandao, ingefika Jumatano, na alitaka nimweleze namna ya kuifunga.

Kutengeneza trela za aina hii ndiyo kazi yangu. Kisa hiki nakiandika chote, pamoja na pale nilipokosea mwenyewe, kwa sababu nawajua Watanzania, Wakenya na Wakongo kadhaa wanaolala kwenye trela hizi majira ya baridi, na baadhi ya ushauri unaozunguka kambini unaweza kuua mtu.

Hita inafuata hatua, na kila hatua ina sauti yake

Ukiwasha termostati, ile swichi ya ukutani ya kuchagua joto, kinachoanza ni feni. Gesi bado. Feni ikishashika mwendo, upepo wake unasukuma kibati kidogo chepesi, mfano wa tanga la dau, na kibati hicho kinabonyeza swichi. Mafundi wa hapa wanaiita kwa jina hilo hilo la tanga, nami nitaiita swichi ya tanga. Swichi ikiunga, bodi inajua kwamba hewa inapita. Inasubiri sekunde 15 hivi ili feni ifukuze mabaki yoyote ya gesi, kisha inafungua vali ya gesi na kurusha cheche kwa sekunde chache: tik, tik, tik. Moto ukishika unasikia mlio kama wa pumzi nzito. Bodi inauhisi moto huo kwa mkondo mdogo sana wa umeme unaopita ndani ya ndimi zake. Isipouhisi, inafunga gesi papo hapo. Bodi nyingi hujaribu mara 3, zikishindwa zinajifunga mpaka uzime termostati na kuiwasha upya. Pembeni kuna swichi ya joto, ambayo inakata gesi chumba cha moto kikizidi joto.

Kwa hiyo mtu akiniambia "hita haiwaki", nataka kujua imekwamia hatua ipi. Hilo linaweza kujulikana kwa masikio tu, hata kwa simu. Nilimwomba azime termostati, asubiri dakika moja, awashe, kisha aweke simu karibu na wavu wa hita.

Nilisikia feni. Ilikuwa nzito, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Nikahesabu sekunde 15, 30, 60. Hakuna tik hata moja.

"Jiko la gesi linawaka?"

"Linawaka, bluu kabisa."

"Taa zinafifia feni ikianza?"

Akakaa kimya kidogo, akajaribu tena. "Kidogo. Lakini Shem, umeme upo. Nimechomeka kwenye nguzo ya kambi, maikrowevu inafanya kazi, taa zinawaka."

Pasipo cheche, gesi haihusiki bado. Hita ilikuwa inakwama kabla ya kufikia kuomba gesi, na pale katikati ya feni na cheche kuna swichi ya tanga, swichi ya joto na bodi yenyewe. Feni nzito na taa zinazofifia zilinionyesha volti ndogo. Swichi ya tanga hairidhiki na upepo wowote; feni isipofika karibu robo tatu ya mwendo wake, kibati hakiinuki vya kutosha. Nilichokosea usiku ule ni kulikubali neno lake kwamba umeme upo. Nikaelekea kufikiria vumbi na nywele zilizonasa kwenye swichi yenyewe, jambo ambalo hutokea pia, na nikamwambia nitakuja asubuhi na swichi mpya.

Waya wa njia ya mkato

Ndipo akaniambia kwamba jirani yake kambini amempa dawa: achomoe waya mbili za swichi ya tanga, aziunganishe zenyewe kwa zenyewe, hita itawaka bila kuuliza. Alishakuwa na koleo mkononi.

Nilimsihi asifanye, na naomba nieleze sababu, maana amri bila sababu haimsaidii mtu anayetetemeka saa nne usiku. Kwenye hita nyingi za trela mota ni moja, na kwenye ekseli yake zimefungwa feni mbili. Moja inasukuma hewa ya chumbani. Nyingine inaleta hewa ya kuchomea gesi na kuutoa moshi nje. Mota ikizunguka polepole, vyote viwili vinapungua kwa pamoja: gesi inakosa hewa ya kutosha, inaungua vibaya na kutoa masizi na kaboni monoksaidi, na chumba cha moto kinakosa hewa ya kukipoza, chuma chake kinakolea mpaka siku moja kinapasuka. Kikipasuka, ile kaboni monoksaidi inapitia kwenye hewa unayovuta ukiwa usingizini. Haina rangi wala harufu. Swichi ya tanga imewekwa kuzuia jambo hilo moja. Usiku ule ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Halafu akakiri kwamba usiku wa kuamkia Jumatatu aliwasha vichomeo viwili vya jiko apate joto, akasinzia.

Sisi tuliokulia nyanda za baridi tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Njombe, Makete, Limuru, Nyandarua, kila mwaka wa baridi kali husikika habari za familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani, ikafunga mlango na madirisha, na asubuhi majirani wakavunja mlango. Jiko la gesi lenye ndimi za bluu linaonekana safi, lakini ndani ya trela iliyofungwa linakula hewa ile ile unayoivuta, na hewa ikipungua nalo linaanza kutoa sumu ile ile ya mkaa. Jiko la trela ni la kupikia, dirisha likiwa wazi kidogo. Nilimwuliza kuhusu king'ora cha kaboni monoksaidi kilichopo ukutani. Kilikuwepo. Nikamwomba asome tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma yake, maana vifaa hivyo huchoka baada ya miaka kadhaa. Ilikuwa imepita miaka miwili.

Usiku ule alilala na hita ndogo ya umeme ya wati 1500 aliyoazima. Nguzo ya kambi ya ampea 30 kwa volti 120 inatoa mpaka wati 3600, kwa hiyo moja inabebeka bila shida. Mtu anaweza kuuliza, kama hita ya umeme inatosha, ya nini kuhangaika na ya gesi? Sababu iko chini ya sakafu. Kwenye trela yake mabomba ya hewa ya moto hupita karibu na matangi na mabomba ya maji, na hita ya gesi isipofanya kazi, maji yanaganda hata kama kitandani kuna joto. Asubuhi bomba la sinki lilikuwa limeshaganda.

Jumanne mchana: mita

Kutoka Minot mpaka Williston ni kilomita 200 hivi kwa barabara kuu namba 2. Nilifika saa sita mchana, nyuzi 19 chini ya sifuri, jua linang'aa juu ya theluji.

Kabla ya kufungua hita nilipima. Betri, bila mzigo: volti 12.0, ambayo ni kama nusu ya chaji. Feni ilipoanza: 11.1. Kisha nikapima kwenye waya za hita yenyewe feni ikiwa inazunguka: 10.0. Hita za aina hii zinahitaji angalau volti 10.5 zikiwa zinafanya kazi. Pale pale nilijua kwamba swichi mpya niliyokuja nayo haina kazi.

Trela iliyochomekwa kwenye nguzo haipaswi kusoma volti 12.0. Ndani yake kuna konveta, kifaa kinachobadilisha volti 120 za nguzo kuwa volti 13.6 hivi, kulisha taa, feni na pampu, na kuchaji betri kwa wakati huo huo. Ukiona 12.0, konveta haifiki kwenye betri. Shemeji alikuwa anaangalia maikrowevu, na maikrowevu inakula volti 120 moja kwa moja, haipiti kwenye konveta. Taa nazo ziliwaka kwa sababu betri peke yake ilikuwa inazibeba. Alikuwa na umeme wa aina mbili ndani ya nyumba moja na mmoja ulikuwa umekufa bila dalili.

Nikamwuliza kama ameigusa betri hivi karibuni. Ndiyo, Jumamosi alifunga mpya. Na alipoifunga?

"Cheche ziliruka kidogo. Nikageuza waya, ikawa sawa."

Hapo ndipo kisa kilipofunguka. Kwenye gari, na shemeji ameshika magari tangu ujana wake, waya mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi. Kwenye trela nyingi za Marekani waya za volti 12 hufuata desturi nyingine: mweusi ni chanya, mweupe ni hasi. Aliona mweusi, akaufunga kwenye hasi kama fundi yeyote wa gari angefanya. Kwa nukta ile moja betri ilikuwa kinyume, na fyuzi 2 za konveta, zilizowekwa kwa ajili ya kosa hilo hilo, ziliungua ili kukiokoa kifaa. Alipogeuza waya taa ziliwaka, akaona mambo yako sawa. Yeyote angeona hivyo. Zipo trela ambazo fyuzi hizo hukaa mahali pengine kwenye mzunguko na dalili zake zikawa tofauti, lakini kwenye hii konveta ilikuwa imejitenga chini ya kitanda, na fyuzi zake zilikaa kwenye waya za kutokea.

Na ile tabia ya kuwaka mchana na kugoma usiku? Juu ya paa kuna paneli ya sola ya wati 100. Mchana mfupi wa Januari ulikuwa unairudishia betri kiasi kidogo, cha kutosha kuizungusha feni kwa saa kadhaa. Usiku feni inavuta ampea 8 hivi kila inapoita, tena betri ya risasi na asidi ikiwa kwenye nyuzi 20 hivi chini ya sifuri uwezo wake unashuka karibu nusu. Ilibaki yenyewe, imebeba nyumba nzima, nje kwenye chuma cha mbele cha trela.

Niliweka fyuzi 2 mpya za ampea 40, sawa na zilizoungua. Betri ikasoma 13.6. Kwenye waya za hita, feni ikizunguka: 12.6.

Fundi mwenye haraka angeishia hapo, kwa sababu hita iliwaka. Lakini volti nzima ilikuwa inapotea njiani, na kesho umeme wa nguzo ukikatika na betri ikabaki peke yake, tutarudi kule kule. Nikapima upande mmoja mmoja, feni ikiwa inafanya kazi. Kutoka chanya ya betri mpaka chanya ya hita: 0.3. Kutoka hasi mpaka hasi: 0.7. Basi ugonjwa mkubwa uko kwenye ethi, ile njia ya hasi ya kurudishia umeme. Nikalala kwenye theluji chini ya trela, nikaufuata waya mweupe wa hita. Haukurudi kwenye paneli ya fyuzi. Ulikuwa umefungwa kwenye chesi, yaani fremu ya chuma ya trela, kwa skrubu moja, na skrubu ile ilikuwa imekuwa donge la kutu, maana barabara za huku humwagiwa chumvi na chesi huzipokea zote. Nikasugua chuma kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa, nikabana kichwa kipya cha waya, nikafunga kwa bolti na kupaka grisi. Kipimo kikapanda mpaka 13.2.

Ethi mbovu kwenye hita hizi ni balaa mara mbili. Inapunguza mwendo wa feni, na pia ule mkondo mdogo wa kuhisi moto unarudi kupitia chuma cha hita; ethi ikiyumba, bodi inaweza kukana kwamba moto upo wakati unauona kwa macho.

Nilisafisha ncha za cheche, nikahakikisha mwanya wake ni milimita 3, nikachungulia bomba la moshi lisiwe na theluji wala viota vya nyigu vya kiangazi. Saa tisa alasiri hita iliwaka mara 6 mfululizo bila kukosa. Gesi niliiangalia kwa macho tu: jiko lilikuwa bluu, na nilipoutikisa mtungi nikasikia gesi ikicheza ndani. Niliona inatosha. Tukapika ugali, tukapiga simu kwa dada, nikalala kwenye kochi.

Alfajiri

Niliamshwa na baridi saa kumi na moja kasorobo. Kipimajoto cha nje kilisoma nyuzi 31 chini ya sifuri. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu, nyepesi. Kisha tik, tik, tik. Kisha pumzi ya moto. Kisha, baada ya sekunde chache, kimya. Ikajaribu tena, ikashika, ikafa. Mara ya tatu, vivyo hivyo, ikajifunga.

Nilikaa pale gizani nikiwa nimejikunyata na nilijisikia vibaya, kwa sababu nilikuwa nimemhakikishia mtu aliyechoka kwamba kazi imekwisha. Nilikuwa nimeijaribu hita saa ya joto kuliko zote, wakati ugonjwa wake unakuja saa ya baridi kuliko zote.

Lakini sauti ilikuwa nyingine kabisa. Juzi ilikwama kabla ya cheche. Sasa ilipita feni, ikapita tanga, ikapita cheche, ikakwama kwenye moto. Betri: 13.5. Umeme ulikuwa mzima, safari hii njaa ilikuwa ya gesi.

Trela ina mitungi 2 ya kilo 9. Shemeji alikuwa amefungua mmoja tu, mwingine umejaa lakini umefungwa, ili ajue wa kwanza unapoisha. Ni utaratibu wa busara kabisa jikoni kwetu. Nikautoa ule wa kwanza nikaupima kwa mzani wa kuning'iniza: kilo 10.6. Uzito wa mtungi mtupu hupigwa muhuri kwenye shingo, na wake ulikuwa kilo 8.1. Kwa hiyo ndani kulibaki kilo 2.5. Hita yake ya BTU 35,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) inakula kama kilo 0.74 ikiwaka mfululizo. Gesi ya saa tatu na zaidi ilikuwepo.

Ilikuwepo, ila haikuweza kutoka upesi. Propani ndani ya mtungi ni kimiminika, na kinachotoka ni mvuke wake. Inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na ili ichemke inahitaji joto, ambalo inalipata kutoka hewa ya nje kupitia chuma cha mtungi, hasa sehemu ile ya chuma inayoguswa na kimiminika. Aliyewahi kupika pilau ya harusi kwa jiko kubwa la gesi ameona mtungi ukitoa jasho, wakati mwingine ukiganda barafu chini: ni gesi inavuta joto ili ichemke. Sasa chukua mtungi wenye kilo 2.5 tu, kimiminika kimekaa chini kabisa kikigusa chuma kidogo, na hewa yenyewe ina nyuzi 31 chini ya sifuri, yaani nyuzi 11 tu juu ya kiwango cha kuchemkia. Kwa nyuzi 20 za joto presha ndani ya mtungi wa propani huwa bar 7 na kidogo. Kwa nyuzi 30 chini ya sifuri ni kama bar 0.7, na hiyo ni kabla hita haijaanza kuvuta na kuzidi kuipoza. (Gesi ya majumbani kwetu huchanganywa na butani, ambayo inachemka karibu na nyuzi sifuri. Mtungi wa aina hiyo ungewekwa nje usiku ule, butani yote ingebaki ndani.)

Jiko liliendelea kuwa bluu kwa sababu kichomeo kimoja kinakula sehemu ndogo tu ya kile hita inachokula. Jiko likiwaka unajua gesi ipo. Kama inatosha hita, hujui.

Safari hii nilipima. Kipimo cha presha ya gesi ya trela ni kitu rahisi: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umekunjwa kama herufi U juu ya kipande cha ubao, una maji nusu. Upande mmoja unaingia kwenye tundu la kichomeo cha jiko, na tofauti ya kina cha maji kati ya pande mbili ndiyo presha. Nilifanya ndani, nje maji yangeganda. Kiwango cha Marekani ni inchi 11, yaani sentimita 28. Hita ikiwa imezimwa: 28 kamili. Hita ilipofungua vali: 22, 17, 13, moto ukafa.

Shemeji alitoka kufungua mtungi uliojaa, akauzungusha mkono haraka kwa sababu ya baridi. Maji kwenye mpira yakapanda kidogo tu, yakasimama. Kwenye maungio ya mitungi hii kuna kizuizi kinachojibana gesi ikitoka kwa kishindo, kwa kudhani mpira umekatika. Tukafunga mtungi, tukazima kila kinachotumia gesi, tukangoja dakika kadhaa, akafungua tena polepole, robo kwa robo. Maji yakapanda mpaka 28. Hita ikaita: 27, ikakaa hapo hapo. Moto ukashika, na ukabaki.

Tulichobadilisha

Mitungi yote 2 sasa inabaki wazi. Regyuleta yake, kifaa kinachopunguza presha ya mtungi, ni ya kujigeuza yenyewe: mtungi uliochaguliwa ukilegea inavuta kwenye mwenzake, na kialama chake kinabadilika kutoka kijani kuwa chekundu, kwa hiyo bado anajua wa kwanza umechoka. Siku za chini ya nyuzi 25 hasi mtungi ukibaki theluthi anaupeleka kujazwa, hangoji uishe. Hicho ni kiwango changu mwenyewe kutokana na kazi, na kwa hita kubwa ningekipandisha. Baadaye alikodi mtungi mmoja wa kilo 45, ambao chuma chake ni kikubwa na unachemsha gesi kwa nafasi, ukasimamishwa wima pembeni ya trela.

Alitaka kuufunika mtungi kwa blanketi. Nikamzuia. Kimiminika ndani kinakuwa baridi kuliko hewa ya nje, na joto lake linatoka kwenye hewa hiyo. Blanketi tupu linalizuia kuingia. Yapo mablanketi ya umeme yaliyotengenezwa kwa ajili ya mitungi, hayo ni jambo jingine. Kupasha mtungi kwa moto wa aina yoyote, au kwa ile bunduki ya hewa ya moto ambayo jirani yule alikuja nayo asubuhi, usifanye hata mara moja.

King'ora kipya cha kaboni monoksaidi kilifungwa karibu na kitanda siku ile ile, kabla sijaondoka. Kwenye chuma cha betri nilipaka rangi nyekundu kwenye kichwa cha waya mweusi, na waya mweupe nikauacha ulivyo.

Bodi aliyoagiza ilifika Jumatano alasiri. Aliirudisha ikiwa bado imefungwa kwenye boksi lake. Kwa wiki mbili zilizofuata alikuwa akinitumia namba mbili kila alfajiri kabla ya kuondoka kazini, volti za kwenye hita na sentimita za maji. Siku ya nyuzi 33 hasi aliandika: 13.2, 27, bomba la sinki linatoka maji.